Ripoti sio risala jamani

Watu wangu wa kusini leo naomba niongelee ripoti, najua sio mada tamu kama bei ya korosho lakini naamini imeshatutia hasara nyingi sana kimyakimya, na hasara moja naijua mpaka kilo zake kwasababu nilikuwemo.

Kabla sijahamia Mtwara mjini nilikuwa karani wa ghala kwenye chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima huko juu. Kwa asiyejua, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007 mkulima halipwi pale pale, analeta mzigo, tunapima, tunaangalia daraja la ubora, anapewa karatasi yake, halafu magunia yanapelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Kwahiyo siku zote hizo katikati mali bado ni ya mkulima ila mwenye kuiona kila asubuhi ni karani. Na korosho haitaki maji hata kidogo, unyevu ukizidi asilimia 10 tu huko ghala kuu wanaanza maneno.

Desemba moja mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi nafungua nakuta upande wa mashariki paa linavuja na magunia 38 yamelowa. Gunia moja ni kilo 80, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya tani 3. Nikakaa nikaandika ripoti kwenda kwa viongozi wa chama, kurasa mbili safi, mwandiko mzuri. Nikaanza na awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu, nikashukuru bodi kwa ushirikiano, nikaelezea msimu ulivyoanza, nikasema mapokezi yanaendelea vizuri kwa kiasi kikubwa, na huko chini ukurasa wa pili nikaandika "aidha, baadhi ya magunia yameathirika na unyevunyevu na juhudi mbalimbali zinaendelea kuchukuliwa". Nikasaini. Nikalala nikijua nimetoa taarifa.

Wiki mbili hakuna aliyekuja. Mzigo ulipofika ghala kuu magunia yale yakashushwa daraja na mengine yakarudishwa, wakulima wakaitisha kikao. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, mwanangu, ulijua lini? Nikasema mzee mimi nilitoa taarifa mapema, ripoti ipo. Katibu akaitoa, akaisoma yote mbele ya watu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho akaniambia mwanangu, sijasikia paa.

Na kweli. Neno paa halikuwemo. Namba 38 haikuwemo. Tarehe ya mvua haikuwemo, wala sikuomba chochote, sikuomba turubai wala fundi. Mpaka leo lile swali naliona lilikuwa la haki kabisa na viongozi siwalaumu sana, maana hata mimi ningeisoma ile karatasi ningejua mambo yanaenda vizuri.

Ndio maana nasema tatizo letu kubwa tunaandika ripoti kama risala. Risala ni kitu kizuri na ina mahali pake, mgeni rasmi amekaa kwenye turubai, kuna ngoma, unamsalimia kwa vyeo vyake, unashukuru, unasifia halafu mwisho kabisa unagusia shida kwa adabu. Huo ni utu wetu na sitaki ufe. Lakini ripoti inasomwa na mtu mwenye haraka, amesimama mlangoni, simu inaita, na anatakiwa aamue kitu. Huyo ukimpa salamu nusu ukurasa hujamheshimu, umemchelewesha. Ile yangu ilitakiwa iwe hivi tu: "Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba mvua imeingia ghalani upande wa mashariki, mabati mawili yametoboka. Magunia 38 yamelowa, kilo 3,040, nimeyatenga. Naomba fundi na turubai mbili kabla ya Jumamosi, vinginevyo na yanayopakana nayo yatalowa." Basi. Hapo hata mtu akitaka kupuuza inamuwia vigumu.

Maneno ninayoyaogopa siku hizi ni haya: baadhi, kadhaa, mbalimbali, changamoto, kwa kiasi kikubwa, hivi karibuni. Sio mabaya kwenye maongezi ila kwenye ripoti kila ukiliona moja jua kuna namba au jina limefichwa nyuma yake. Na "juzi" ndio kabisa, ripoti ikisomwa baada ya mwezi hiyo juzi ni lini?

Kuna kingine kipo kwenye lugha yetu yenyewe. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendeka, pampu imeharibika, fedha zimetumika, kufuli limevunjika. Yani vitu vinajitendea vyenyewe, hakuna mtu. Sisemi kila kitu lazima kitafutiwe mkosaji, kuna pampu inaharibika kweli kwa uzee, ila kama unamjua aliyefanya na ukaandika imeharibika umeficha, hata kama hukukusudia. Andika fulani aliwasha pampu bila maji saa moja nzima, ikaungua. Inauma kuandika hivyo kuhusu mtu mnayekula naye lakini mwakani itanunuliwa pampu nyingine na ataiwasha vilevile.

Halafu saa. Hapa nilipo sasa nashughulika na magari ya mizigo, dereva ananiandikia "nimefika Nangurukuru saa 7". Saa 7 mchana, saa 7 usiku, au kaangalia simu yake imeandika 7 akanakili, maana simu nyingi zinasoma kizungu, hapo ni saa 1? Nimeshawahi kumtafuta mteja usiku wa manane kwa ajili ya hili. Andika saa 7 mchana au andika 13:00, chagua moja na uishikilie ripoti nzima.

Kwenye habari ndio nasikitika zaidi. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokuja, barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Meseji zilizokuwa zinazunguka kwenye magrupu zilikuwa "njia imekatika kusini msisafiri". Imekatika wapi? Lini? Magari madogo yanapita au hapana? Mtu wa Mtwara mwenye mgonjwa Muhimbili hilo swali la wapi ndio kila kitu kwake, maana kama kumekatika Kilwa anaweza kuzungukia Masasi, Tunduru, Songea mpaka atokee Njombe na Iringa, ni mbali mno ila anafika, lakini akisikia tu "kusini" anakaa nyumbani. Na meseji haina tarehe, kwahiyo inaendelea kuzunguka hata baada ya njia kufunguliwa na watu wanazidi kuogopa. Waandishi wa habari wanafundishwa nani, nini, wapi, lini, kwanini na vipi, na kizito kikae juu kwasababu mhariri akikosa nafasi anakata mkiani. Siku hizi wote ni waandishi, kila mwenye simu, basi na hayo maswali tuyachukue wote. Kama hukuona mwenyewe sema umeambiwa na nani, na kama hujui idadi ya majeruhi usiandike wengi.

Mtihani nitasema kidogo. Binti wa dada yangu yupo kidato cha tatu, alinionyesha ripoti ya ajali aliyoandika, kichwa cha habari kipo, utangulizi upo, hitimisho lipo, muundo wote wa darasani ameushika na alama za muundo atapata bila wasiwasi. Ila ndani "watu wengi walijeruhiwa na mali nyingi ziliharibika". Nikamuuliza, hii ajali ilitokea wapi? Akasema mjomba si ya kutunga. Nikamwambia hata ya kutunga inatokea mahali.

Jumamosi nikampeleka feri, pale kivuko cha Msangamkuu kinapopakia, nikampa daftari, nikamwambia kaa hapa saa moja uniandikie ulichokiona, usiniandikie unachofikiri. Alirudi na nusu ukurasa. Kivuko kimeondoka saa 4 na dakika 20 asubuhi, pikipiki 6, mama mmoja ana ndoo mbili za dagaa amekosa nafasi kwasababu alikuwa anatafuta chenji, amebaki anasubiri safari inayofuata, jua kali, amefunika ndoo kwa khanga yake.

Nikamuuliza hizo dagaa zilifika? Akasema sijui mjomba, saa moja yangu iliisha. Nikamwambia basi andika hivyo hivyo, mpaka naondoka mama alikuwa bado anasubiri. Akaongeza huo mstari.