Mfanyakazi wa Kuazimwa Akivuka Mpaka, Sheria Imshike Nani?

Reli ya kisasa inayojengwa kutoka Tabora hadi Kigoma chini ya mkataba uliosainiwa Desemba 2022 na kampuni za China, pamoja na njia inayotarajiwa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, imeibua upya suala ambalo watu wa Kigoma wanalifahamu tangu enzi za mkoloni. Mtu aliyeajiriwa upande mmoja wa mpaka anapopelekwa kufanya kazi kwa muda upande wa pili, ama na mwajiri wake mwenyewe ama na wakala aliyemkodisha kwa kampuni nyingine, analindwa na sheria ya nchi ipi, na asipolipwa amdai nani?

Watu hawa wa muda si wa aina moja. Yupo fundi anayeletwa na kampuni yake kufunga mtambo kisha akarejea kwao. Yupo anayekodishwa na wakala ambaye hata eneo la kazi hajawahi kulikanyaga. Na yupo anayevuka kwa miguu yake kutafuta kibarua cha msimu. Sheria za biashara za kimataifa humhesabu wa kwanza kuwa sehemu ya huduma ambayo kampuni yake inauza, wakati wa tatu huhesabiwa kuwa mfanyakazi anayeingia kwenye soko la ajira, na yule wa wakala hubaki katikati. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, nayo imetenganisha uhuru wa wafanyakazi na uhuru wa huduma. Mgawanyo huo waweza kuonekana kuwa mambo ya wanasheria, lakini ndio unaoamua mshahara wa mtu upimwe kwa kiwango cha kwao au cha mahali alipo.

Wanaotaka milango ilegezwe wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Miradi mikubwa haisubiri karatasi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Tanga lilihitaji kiwanda cha kupaka mabomba yake utando wa kuhifadhi joto, kikajengwa Sojo, wilayani Nzega, na kazi ya namna hiyo huhitaji mafundi waliokwisha kuifanya kwingineko. Mtaalamu mmoja akikwama miezi miwili akisubiri kibali, vibarua wenyeji waliokuwa wamtegemee nao hukaa vijiweni. Hoja yao ya pili, ambayo mimi naiona nzito zaidi, ni kwamba mtu wa nchi maskini hana cha kumshindanisha sokoni zaidi ya unafuu wa nguvu zake. Ukimlazimisha kulipwa sawasawa na mwenyeji tangu siku ya kwanza, huenda umemlinda, na huenda pia umemfungia mlango nje huku ukimpa pole.

Hoja hiyo ya pili imepimwa Ulaya kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 kampuni ya Latvia iliwapeleka wajenzi wake Vaxholm, nchini Sweden, kukarabati shule, na vyama vya wafanyakazi vya Sweden vikazuia kazi vikitaka wajenzi hao walipwe kwa mkataba wa pamoja wa vyama na waajiri wa huko. Desemba 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba uzuiaji huo uliingilia isivyo halali uhuru wa kutoa huduma. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 kuhusu wafanyakazi wanaotumwa nchi nyingine ilikuwa inawahakikishia kima cha chini cha mshahara na masharti machache ya msingi, na vyama havikuweza kudai zaidi ya hapo. Ilibidi kusubiri marekebisho ya mwaka 2018, yaliyoanza kutumika Julai 30, 2020, ndipo ikakubalika kwamba malipo yote ya lazima ya nchi ya kazi, si kima cha chini peke yake, yanamhusu pia aliyetumwa, na kwamba baada ya miezi 12, au 18 mwajiri akitoa sababu, karibu sheria zote za kazi za nchi hiyo zinamshika. Yaani hata Sweden, yenye vyama vya wafanyakazi ambavyo sisi tunavisikia kwa jina tu, ilichukua zaidi ya muongo mmoja kupata jibu.

Kwetu, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imechukua njia ya kibali. Kamishna wa Kazi hutoa kibali cha miezi 24 kinachoweza kuhuishwa, mwajiri akitakiwa aeleze kwa nini Mtanzania hakupatikana na aoneshe mpango wa kumrithisha mwenyeji ujuzi huo. Kabla yake, kanuni za mwaka 2014 kuhusu mawakala binafsi wa ajira zilikataza wakala kuwa mwajiri wa mtu anayemtafutia kazi, kwa sababu ya malalamiko ya watu waliofanya kazi kwenye kampuni fulani kwa miaka huku mshahara ukipitia mkononi mwa mwingine na kukatwa njiani. Nia ilikuwa njema katika sheria zote mbili. Tatizo ni kwamba mfumo wa kibali ulishonwa kwa kipimo cha mhandisi: ada hulipwa kwa dola, vyeti huambatishwa, na jina la mwajiri huandikwa ndani yake, hivyo kwamba mtu akiachana na mwajiri huyo ameachana pia na haki ya kuwepo kazini.

Sasa mtoe mhandisi, umweke kibarua wa tumbaku wa Urambo au Kaliua. Anakuja kutoka Burundi, akipita Mabamba au Manyovu, au anatoka Kasulu akiwa Mtanzania halali anayeulizwa uraia wake kila kizuizi kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana. Anapandikiza miche mvua zinapoanza, anachuma, anakata kuni, anakesha akichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, ili jani likauke bila kuungua, na kwa desturi iliyozoeleka fungu kubwa la ujira wake hutolewa tumbaku ikishauzwa. Kanuni za Jumuiya zinatoa pasi maalumu kwa mkataba usiozidi siku 90, na msimu wa tumbaku hauishi kwa siku 90. Ahadi za Tanzania chini ya Itifaki nazo zilifungua fani teule, zaidi za wenye vyeti, na kibarua wa shamba hayumo. Basi anafanya kazi bila kibali, na msako ukipita mwezi mmoja kabla ya soko, anarudishwa kwao mikono mitupu.

Kwa haki, mkulima naye asikilizwe. Yeye mwenyewe hulipwa mara moja kwa mwaka, tena baada ya chama cha msingi cha ushirika kukata deni la mbolea na pembejeo nyingine, na hana mahali pa kutoa mshahara wa kila mwezi. Hata hivyo, ugumu wake haubadilishi hesabu ya mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa mfanyakazi kwa misingi ya utaifa, lakini mahakama zetu zimewahi kuamua kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali hautekelezeki, kwa hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, haiwezi kumsaidia. Matokeo yake ni kinyume cha kilichokusudiwa: sheria iliyowekwa kulinda ajira ya mwenyeji imemfanya mgeni awe rahisi zaidi kumwajiri, maana ndiye pekee anayeweza kudhulumiwa bila kesi.

Kuna watakaosema dawa ni kurasimisha tu: wakala asajiliwe, mkataba uandikwe, nauli ya kurudi ilipwe. Kigoma ilikwisha kuona urasimishaji huo enzi za mkoloni. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliochukuliwa Kasulu na Kibondo kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua, walikuwa na mikataba, walipandishwa treni na walipewa posho. Walichokosa ni uwezo wa kuondoka, kwa kuwa chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 kuacha kazi kabla ya muda lilikuwa kosa la jinai. Kibali cha leo kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja hakina ukali huo, lakini kinafanya kazi kwa mantiki ileile, na Qatar yenyewe ililazimika mwaka 2020 kuondoa sharti la mfanyakazi kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi.

Kwa mtazamo wangu, kipaumbele kisiwe idadi ya wageni wanaoruhusiwa bali mambo mawili: malipo na usalama vifuate mahali kazi inapofanyika, na aliyefaidika na kazi awajibike kwa ujira pamoja na aliyemleta mfanyakazi. Kwa tumbaku, hilo lingewezekana kwa pasi ya msimu inayotaja wilaya na tarehe badala ya jina la mwajiri, na ujira ukakatwa kwenye chama cha msingi siku ya malipo kama linavyokatwa deni la mbolea. Vijana wa Tabora wanaweza kulalamika kwamba wageni wanahalalishwa, na hofu yao ina msingi, kwa sababu pasi hiyo bila ukaguzi wa kazi itaongeza tu watu wa kushindana nao. Wakaguzi wa kazi ni wachache, na shamba lililo ndani kabisa ya pori la Kaliua halifikiki kwa ziara ya siku moja.

Reli ya Musongati ni rahisi kuliko mashamba, kwa kuwa waajiri wanafahamika na fedha ni za umma. Fundi wa kuchomelea kutoka Ujiji akiajiriwa na mkandarasi mdogo Uvinza kisha akapelekwa ng'ambo ya mpaka, mkataba wa ujenzi wenyewe unaweza kutamka kwamba mkandarasi mkuu atamlipa asipolipwa, na kwamba atakuwa huru kudai Kigoma au Burundi, apendapo. Kifungu cha namna hiyo ni chepesi kukiweka kabla kazi haijashika kasi kuliko baada ya mkandarasi mdogo kufunga kambi na kuondoka.