Vita ukurasa mzima, nyumba mstari mmoja

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa manane na watu waliochoka. Mmoja ameshika kalamu, mwingine anatafuta cheti cha ubatizo, wa tatu anapiga simu Sengerema kuulizia mwaka wa ndoa, na nje kamati ya chakula bado inahangaika na masufuria. Ndiyo maana wasifu karibu zote zinafanana, na sikuwahi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila mwezi uliopita, tulipomzika baba mkubwa kule Magu, nilimsikiliza msomaji mpaka mwisho nikaumia. Huu uchungu mwingine, mbali na ule wa msiba, ndio ninaouandikia leo.

Vita vya Kagera vilipewa ukurasa mzima. Ndoa yake, watoto wake na miaka zaidi ya arobaini ya kulea vilipewa sentensi tunayoijua sote: mkewe alimtangulia mbele ya haki, ameacha watoto sita na wajukuu kadhaa.

Ule ukurasa wa vita aliustahili. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, baba mkubwa alikuwa kijana wa kiwanda cha kuchambua pamba, na mgambo aliyekwisha kupitia mafunzo. Mwalimu alipotangaza Novemba ile kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, maneno yale hayakumkuta akishangilia redioni tu. Alikwenda. Alivuka Mutukula, akapita Masaka, akafika Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka mpakani, na sehemu kubwa askari wa miguu walizitembea. Tulipomwomba hadithi za vita alikuwa anatupa hizo za kutembea: matope, buti zilizolowa zikakataa kukauka, mvua ya masika usiku kucha. Risasi hakupenda kuzisimulia, na sisi hatukumlazimisha. Vijana wa Igogo, mtaa wake wa Mwanza, walimwita Afande mpaka anaingia kaburini.

Sasa tazama kilichoachwa. Mwishoni mwa Machi 1979, yeye akiwa Uganda, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitaka kuipiga Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha yakaangukia Saanane, kisiwa kile kile tunachopeleka wanafunzi kuangalia wanyama, na waliokufa wakawa swala. Mama mkubwa alikuwa Igogo na mtoto mchanga mgongoni, hajui mumewe yu hai au la, na sasa vita vimemfuata nyumbani. Aliwahi kutuambia kwamba usiku ule alilala na viatu miguuni. Mtu wa namna hiyo, kwenye wasifu wa mumewe, hapewi hata nusu sentensi?

Halafu wanaume wakarudi. Tunapenda kusimulia walivyopokelewa kwa vigelegele, tunasahau walirudi kwenye nchi gani. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Ikapita, na mikanda haikulegea. Waliokuwapo wanakumbuka foleni ya sukari, foleni ya khanga, nguo kufuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haionekani, na ule unga wa njano tuliouita wa Yanga. Ni katika miaka hiyo baba mkubwa alilea. Mdogo wake, yaani baba yangu, alipofariki, hakukuwa na kikao kirefu. Alikuja na baiskeli ya kukopa, akampakia mdogo wangu mbele na mimi nyuma, akasema, "Twendeni nyumbani." Kiwanda kilipopunguza watu alihamia kwenye biashara ya dagaa, akawa anatoka alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba, anarudi jioni ananuka dagaa mwili mzima, na bado kabla ya kukaa anauliza madaftari yako wapi.

Anayeijua Igogo anajua nyumba zimepandaje juu ya mawe. Maji yalikuwa chini, nyumba juu. Baba mkubwa alikuwa anabeba madumu mawili mchana kweupe, watu wanamwona, kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito na daktari alikataza kazi nzito. Majirani walisema amelishwa limbwata. Alisikia. Kesho yake akateremka tena na madumu yake.

Lakini nataka hasa kuzungumzia miaka ya mwisho ya mama mkubwa, alipopigwa kiharusi upande wa kulia. Mabinti walikuwapo na walisaidia sana. Kumwogesha, hata hivyo, alikataa mtu mwingine asimwogeshe. Alipasha maji mwenyewe, akayajaribu kwa kiwiko, akafunga mlango. Mchana alikuwa anakaa naye barazani na sahani ya sato. Anachukua kipande, anakipapasa kwa vidole taratibu, anatoa mwiba, anakipapasa tena upande wa pili, ndipo anampa na tonge la ugali. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, kwa hiyo alivitegemea vidole. Chakula cha nusu saa kilichukua saa moja na nusu. Mgeni akija anakaribishwa, anatandikiwa mkeka, na ile kazi inaendelea. Sikumsikia hata siku moja akimharakisha.

Nilipomuuliza kaka yetu mkubwa kwa nini hakuna hata chembe ya haya kwenye wasifu, alinijibu kwa upole: mambo ya ndani hayasomwi makaburini, tutamwaibisha mzee mbele za watu. Ninamheshimu kaka, na najua hayuko peke yake. Wapo wengi huku kwetu Kanda ya Ziwa wanaoamini mwanaume anasifiwa kwa alichokifanya nje ya ua wake. Sikubaliani nao. Pale makaburini walikuwapo vijana wengi wameoa juzi tu. Walisikia namna ya kwenda Kampala, safari ambayo Mungu atuepushe wasilazimike kuirudia. Namna ya kukaa na mke mgonjwa hawakuisikia, na hiyo ndiyo inayowasubiri wengi wao. Taifa lina siku yake ya mashujaa kila tarehe 25 Julai, Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, na ni sawa kabisa. Kama familia nayo haitasema ilichokiona yenyewe, nani mwingine atakisema? Jeshi haliwezi. Jeshi halikuwapo barazani.

Pia kuna suala la nani anaandika. Wasifu wa baba mkubwa uliandikwa na wanaume watatu, mimi nikiwa mmojawapo wa waliosimama mlangoni kushauri tarehe. Dada zetu walikuwa jikoni. Hao ndio waliomwona akiyajaribu maji kwa kiwiko, na hakuna aliyewaita hata kwa dakika kumi. Ningependa familia zetu zianzie hapo: wasifu usifungwe kabla ya mabinti na wakwe kuusikia na kuongeza yao.

Misa ya arobaini iko karibu. Nimependekeza yasomwe yaliyobaki, kurasa mbili tu, na dada yetu wa pili ameshaanza kuandika kwenye daftari la mwanawe. Dada wengine wameridhia. Kaka mkubwa bado anasita, anahofia wazee wa Magu watasemaje. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwake Nyakato tukaongee.