Pauli Murray alikuwa mmoja, msimkate vipande

Nilipewa chenji dukani, sarafu ya senti 25, nikaigeuzageuza tu kama mtu anavyofanya akiwa kwenye foleni, nikaona sura ya mtu mweusi kavaa miwani, na uso wenyewe umewekwa ndani ya herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya tumaini, na jina: Pauli Murray. Ni sarafu ya 2024. Mi naishi Marekani hii miaka kadhaa sasa na hilo jina nilikuwa nalisikia kwa mbali tu, basi nikarudi nyumbani nikaanza kusoma na tangu siku hiyo sijatulia, maana kila ninayemuuliza anamjua Rosa Parks, yule mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu siti ya basi 1955, huyu hamjui kabisa.

Wakati mambo ya basi yeye aliyapitia Machi 1940, Petersburg, Virginia, miaka 15 kabla ya Rosa Parks. Alikuwa na rafiki yake, siti ya nyuma waliyotengewa weusi ilikuwa imevunjika, wakasogea mbele, wakaambiwa warudi, wakakataa, wakalala ndani. Akaenda kusoma sheria Howard, chuo kikuu cha weusi kule Washington, na akiwa bado mwanafunzi akasema kitu ambacho wenzake walikicheka: tuache kudai shule za weusi ziwe sawa na za wazungu, tuupige ubaguzi wenyewe, huko kutenganishwa kwenyewe ndo kosa. Akawekeana dau la dola 10 na mwalimu wake kwamba ndani ya miaka 25 Mahakama Kuu ya Marekani itageuka. Ikageuka 1954, kwenye kesi ya Brown iliyoharamisha kutenganisha weusi na wazungu mashuleni, haikufika hata miaka 25, na yule mwalimu alikuwa mmoja wa mawakili wa kesi ile na insha ya mwanafunzi wake aliifungua tena. Halafu 1951 Pauli alitoa kitabu kinene, kurasa zaidi ya 700, kimekusanya sheria za ubaguzi za kila jimbo, na Thurgood Marshall, wakili mweusi aliyeongoza kesi ile ya 1954, alikiita biblia ya mawakili wa haki za weusi. Ndiyo, Marshall huyohuyo aliyekwenda London 1960 kuwasaidia kina Tom Mboya kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya, na mwaka huohuo Pauli alikuwa Ghana anafundisha sheria ya katiba.

Chuo Kikuu cha North Carolina kilimkataa 1938 kwa sababu ni mweusi. Harvard wakamkataa 1944 kwa sababu ni mwanamke. Mtu mmoja, milango miwili, sababu mbili, na kutoka hapo ndo akawa anasema ubaguzi wa rangi una dada yake, na mawakili wa haki za wanawake, Ruth Bader Ginsburg akiwemo, wakajenga juu ya maandishi yake.

Sasa nije kwenye lile linalofunikwa. Pauli alipenda wanawake. Tena tangu ujana alijiona ndani yake ana uanaume, akahangaika kwa madaktari akiomba homoni, wakamnyima. Hakujiita hadharani kwa jina lolote kati ya haya tunayotumia leo, na wanahistoria wa Kiingereza mpaka leo wanabishana wamwandike kama mwanamke au mwanaume, jambo ambalo Kiswahili kinatupumzisha nalo, sisi ni "yeye" tu na sentensi inaendelea. Ila lugha hiihii ina maneno mengine ya kumtupia mtu kama yeye, yale mnayoyajua, na nimeyasikia yakisemwa na watu waliotoka ibadani dakika tano tu zilizopita.

Mpenzi wake aliitwa Renee Barlow, walikutana kwenye ofisi ya mawakili New York miaka ya 50. Hata kwenye kumbukumbu za maisha yake Pauli anamwita rafiki. Renee akafa kwa uvimbe wa ubongo 1973, na Pauli ndo aliyekuwa naye mpaka mwisho, akimwombea. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 62, profesa kabisa, akaacha kazi akaingia chuo cha theolojia, wakati kanisa lake, hawa Episkopo ambao ni Anglikana wa huku, lilikuwa bado halijakubali wanawake wawe makasisi! Likakubali 1976. Tarehe 8 Januari 1977 akawekewa mikono Washington, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa kasisi kwenye kanisa hilo.

Mwezi uliofuata, 13 Februari, akaongoza Meza ya Bwana kwenye kanisa dogo la Chapel Hill. Bibi yake, Cornelia, alibatizwa humohumo 1854 akiwa mtoto wa mtumwa, na kwenye kitabu cha ubatizo akaandikwa kama mali ya Mary Ruffin Smith. Yule Mary kwa damu alikuwa shangazi yake, kwa sababu baba wa Cornelia ni kaka wa huyo Mary, aliyembaka mtumwa wa nyumbani kwao. Pauli akasoma Injili kwenye Biblia ya bibi yake, na meza ya kusomea ilikuwa ile iliyotolewa kwa ukumbusho wa Mary Ruffin Smith. Weusi kwa weupe wakapanga mstari kupokea mkate mkononi mwake.

Kanisa limemweka kwenye orodha ya watakatifu wake tangu 2012 na ni vizuri, ila naona wengi wanamchukua kasisi wanamwacha Renee, wengine wanamchukua Renee wanaona aibu kusema alikuwa mtu wa sala. Yeye mwenyewe hakujikata hivyo. Makaratasi yake, zaidi ya maboksi 100, aliyaacha maktaba ya Harvard, Harvard ileile, na barua za madaktari zimo humo. Angeweza kuzichoma. Alikuwa wakili, alijua karatasi ni ushahidi.

Alifariki Julai 1985, Pittsburgh. Wakamzika Brooklyn, pamoja na Renee.