Mnong'ono wa Futi 15 na Fidia ya Masikio ya Askari

Kwa miaka mingi sasa, tatizo linaloongoza kwa kulipiwa fidia na Idara ya Maveterani ya Marekani, inayohudumia askari wa zamani, si mguu uliokatika wala kiwewe cha vita. Ni mlio wa masikioni, ule uvumi usiokoma ambao mwenyewe tu ndiye anayeusikia. Wanaolipwa kwa ajili yake ni karibu milioni 3. Anayekubaliwa huhesabiwa ulemavu wa asilimia 10, liwe sikio moja au yote mawili. Kama hana ulemavu mwingine, hiyo ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi kwa viwango vya 2025.

Takwimu hiyo huwakera wengi, na hoja zao zina uzito. Hakuna mashine ya kupima mlio huo, daktari huandika anachoambiwa. Tena ile asilimia 10 hubeba nyingine: mwenye asilimia 50 akiongezewa 10, hesabu ya Idara humfikisha 55, kisha inakadiriwa kuwa 60, na malipo yanapanda. Uzee nao hupunguza usikivu, vita au pasipo vita. Mwaka 2005 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilisema ushahidi hautoshi kuonyesha kwamba kelele za jeshini huweza kuja kuharibu masikio miaka mingi baada ya mtu kuvua magwanda. Basi kama askari alipimwa siku ya kuondoka akaonekana mzima, kwa nini alipwe leo?

Alipimwaje lakini?

Katika mafaili ya Wamarekani waliopigana vita vya Korea, na ya wengi wa enzi za vita vya Vietnam, utakuta kwenye karatasi ya kuagwa jeshini imeandikwa "15/15". Maana yake mpimaji alisimama futi 15, kama mita nne na nusu, akanong'ona, na askari akarudia alichosikia. Kipimo kimekwisha. Mnong'ono wa nani, kwa nguvu gani, ndani ya chumba chenye utulivu gani, hakuna aliyeandika. Na kijana mwenye hamu ya kurudi nyumbani asingesema "sijasikia", ili abakizwe kambini kwa vipimo zaidi.

Bunduki ya M16 hupasua kwa zaidi ya desibeli 150, ilhali jeshi lenyewe hutaka masikio yakingwe kuanzia 140. Kelele hiyo huanza kula sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti. Chukua maneno kaa, taa, saa, paa. Mwenye masikio yaliyoliwa namna hiyo husikia "aa", kisha anabahatisha kilichotangulia. Akiwa na mtu mmoja chumbani hubahatisha vizuri. Kwenye meza ya watu wanane sahani zikigongana, hukaa akitabasamu, na familia hudhani amezeeka.

Ile "15/15" iliyoandikwa kwa dakika moja humrudia nusu karne baadaye kama ushahidi dhidi yake. Mwaka 1993, katika kesi ya Hensley, mahakama ya rufaa za maveterani iliamua kuwa kipimo kizuri cha kuondokea pekee hakifungi madai. Hata hivyo mzigo wa kuunganisha uziwi wa leo na mizinga ya 1969 ulibaki mgongoni mwa mzee, wakati jopo lilelile la 2005 liligundua kuwa mafaili mengi hayakuwa na vipimo vya kuingilia na kutokea.

Akivuka hapo anakutana na jedwali la Idara la kukadiria uziwi. Hupimwa katika chumba kisichopenyeza sauti, kwa masafa manne ya sauti, kuanzia nene hadi nyembamba. Tuseme sauti hafifu kabisa anazozisikia ni za desibeli 20, 25, 55 na 60, masikio yote mawili: wastani ni 40. Katika maneno 50 aliyotakiwa kuyarudia amekosea manane. Uziwi wake unatambuliwa kuwa umetokana na utumishi, na malipo yake ni asilimia sifuri. Ni kweli kwamba hupewa vifaa vya kusikilizia bure, na hilo si dogo. Lakini ndiyo sababu mlio wa masikioni umekuwa mlango wa wengi, kwa kuwa mlango wa uziwi wenyewe umebanwa.

Wapo wanaouliza kwa nini hawakuvaa viziba masikio. Waliovaa wapo pia. Mwaka 2023 kampuni ya 3M, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza mashauri ya wanajeshi waliodai viziba vyake havikuwakinga.

Mwaka 2022 Idara ilipendekeza mlio wa masikioni usihesabiwe tena peke yake, uwe dalili tu ya ugonjwa mwingine. Kitabibu naielewa hoja hiyo. Ila kuondoa ile asilimia 10 na kuliacha jedwali lilivyo ni kumnyang'anya mzee njia pekee iliyokuwa wazi. Jedwali lianze kurekebishwa, kipimo kifanyike penye kelele za kawaida za maisha, na kila penye "15/15" ihesabiwe kuwa askari huyo hakupimwa.