Mugumo wa Waiyaki Way: kuhamisha si kuokoa

Mwaka 2020 ujenzi wa Nairobi Expressway, barabara ya kulipia, ulipokaribia Westlands jijini Nairobi, ulikuta kando ya Waiyaki Way mugumo (mti wa jamii ya mtini, mtakatifu kwa Wakikuyu) mrefu kama ghorofa 4, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 100 hivi. Ulipangwa kuhamishwa. Watu walipiga kelele, na Novemba Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru usiguswe.

Waliotaka kuuhamisha wana hoja. Mugumo ni mti sugu kuliko mingi. Mbegu yake huangushwa na ndege juu ya mti mwingine, mizizi ikateremka hadi ardhini na kumkaba mwenyeji wake. Hata tawi nene ukilichomeka ardhini mvua zinapoanza, huenda likashika.

Ila fanya hesabu. Kipenyo cha bonge la udongo linalobebwa pamoja na mizizi kiwe angalau mara 10 ya kile cha shina. Shina la mita 1.5 linadai bonge la mita 15. Kwa kina cha mita 1 tu, hizo ni zaidi ya tani 250. Tena mizizi hukatwa kwa awamu, upande mmoja msimu huu na mwingine msimu ujao, ili mizizi midogo ichipue ndani ya bonge kabla ya safari. Mkandarasi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi atasubiri misimu miwili? Atachimba mita 4, apunguze matawi kreni iweze kuinua, basi. Mti utachipua majani na watu watashangilia, kumbe unakula akiba ya shina lake. Baadaye gome hupasuka, uyoga ukaota shinani.

Kuuacha palepale nako kuna masharti. Amri hulinda shina, lakini mizizi inayolisha mti iko zaidi katika sentimita 60 za juu na huvuka kivuli cha matawi. Rola ikishindilia udongo huo, hewa na maji havipiti. Mtaro mmoja wa bomba huweza kukata robo ya mizizi kwa siku moja. Thika, inasimuliwa, wakoloni waliufunga kwa vyuma mugumo ambao Mugo wa Kibiru, nabii wa Wakikuyu, alitabiri ungeanguka utawala wao ukiisha; ukapigwa na radi, ukaanguka 1963. Radi haikuuliza vyuma.

Barabara ikiweza kupinda, ipinde, na uzio uwekwe mbali na shina, si kulizunguka kwa simiti. Isipoweza, heri mti ukatwe waziwazi kuliko kuuzungusha mjini huku mti wenyewe ukifa polepole. Kabla ya msumeno, vikatwe vipandikizi vya mita 2, vinene kama mkono, vipandwe mvua za Machi zikianza, na vilindwe dhidi ya mbuzi.