Mamangu Si Bohari

Wiki iliyopita ami yangu alinipigia simu kunionya. Amesikia, sijui kwa nani, kwamba tumekifungua chumba cha Baba na tunataka kukipangisha. "Mwanangu, usiguse vitu vya babako. Yuko hai. Radhi zake utazitafuta wapi?" Nilimjibu kwa adabu, maana ni ami yangu na sikufunzwa kumjibu mkubwa vingine. Lakini simu ilipokatika nilikuwa natetemeka, na ndiyo sababu naandika haya.

Swali langu ni moja. Miaka yote hii, nani amekuwa akilipia kukaa kwa vitu hivyo?

Kwetu ni Majengo, Mombasa. Mnazijua nyumba zetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwanamke aliyeachwa na watoto katika nyumba ya namna hiyo huishi kwa vyumba. Kila mlango ni unga, ni karo, ni dawa. Chumba cha kwanza kulia, chenye dirisha la barabarani, ndicho kizuri kuliko vyote, na ndicho kilichofungwa kwa kufuli tangu Baba apande meli akaenda akabaki Maskati. Ndani mna sanduku la bati, kabati, kitanda cha besera, redio, kanzu na suti moja, saa ya ukutani, vitabu vyake vya dini na kitabu chake cha ubaharia. Siku hizi chumba kama hicho mtaani kwetu kinakwenda shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 42,000. Zidisheni wenyewe kwa miaka ya ukimya wake, hata mkiishusha kodi ya zamani mpendavyo, kisha mniambie nani anamdai mwenziwe.

Na hiyo ni kodi tu. Masika yakija na bati likavuja, mamangu ndiye aliyelivuta lile sanduku kutoka pembe hii hadi pembe ile. Mchwa walipoingia kabatini ndiye aliyenunua dawa. Alizianika kanzu uani zisipate ukungu, akazikunja, akazirudisha, na hakuna hata ndugu mmoja wa Baba aliyepita kuuliza kama anahitaji mkono. Leo, kwa kuwa amesema amechoka, simu zinalia.

Chukueni Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa, mpekue kurasa za nyuma. Mara kwa mara mtakuta tangazo la gereji linalomtaka mwenye gari fulani, namba ya usajili imetajwa, aje alichukue ndani ya siku 30 na alipe gharama za kuliweka, la sivyo litauzwa. Ni Sheria ya Mali Zisizochukuliwa, Sura ya 38. Sioni ubaya wowote ndani yake. Mwenye gereji ana nafasi yake na nafasi ni pesa, na mwenye gari amepewa taarifa mbele ya nchi nzima. Hakuna mzee anayempigia simu kumtishia laana. Lakini sheria hiyo ni ya wafanyabiashara waliopokea kitu katika kazi yao. Mke aliyeachiwa chumba kizima hamo. Yeye anatakiwa angoje mpaka lini? Gereji ikingoja inahesabiwa hasara, mwanamke akingoja anahesabiwa subira. Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo.

Mtu akifa tunajua la kufanya. Watu hukaa matanga, mjane hukaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, mirathi hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana, na nguo za marehemu hupewa watu, mara nyingi na wale wale ndugu wanaosema leo tusiguse. Hata mtu akipotea kabisa, sheria ya ushahidi ya Kenya imeweka kikomo: asiposikika miaka 7 kwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, mahakama humdhania amekufa. Baba anasikika. Sikukuu hutuma salamu kwa ndugu zake, sauti yake nimeisikia katika simu ya shangazi, nzima, ya mtu aliyeshiba. Kwa hiyo si marehemu wala si aliyepotea. Ni mtu aliyeondoka, na kwa mtu aliyeondoka hatuna arobaini wala siku ya kugawa kanzu. Mamangu alikwenda kwa Kadhi akapata fasakhi yake, ndoa ikaisha kwa karatasi. Vitu vikabaki pale pale, mwanamke ambaye si mke tena akiendelea kumlindia mwanamume ambaye si mumewe tena.

Ami anasema ni amana. Mimi najua kwamba amana mtu hukabidhiwa, akaambiwa kilichomo, naye akakubali kuichukua. Mamangu hakuulizwa. Aliamka akakuta mlango na ufunguo.

Kuhusu radhi nitasema machache, kwa kuwa ni jambo zito na silichezei. Radhi za mzazi nazitaka. Nimezitafuta kwa barua, nikazitafuta kwa simu ambazo hazikupokewa. Sikubali kwamba zimefungiwa katika sanduku la bati na kwamba mtu wa kuzilipia ni mamangu kwa chumba chake. Naye ni mzazi pia.

Sasa, kwa shingo upande, nakubali yafuatayo. Sijui yote yaliyowapata wawili hawa kabla sijapata akili. Yawezekana alikwenda akiwa na nia ya kurudi, kazi ikamharibikia, aibu ikamshika, na kila mwaka ukazidi kuifanya njia ndefu. Wanaume wengi wa mji huu wamekwama huko Ghuba kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Nakubali pia kwamba mtu akiwa hai mali yake ni yake hata akiwa mbali, na kwamba angekuwa amekufa ingekuwa ni mali ya warithi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini. Kwa hiyo simwambii mtu avunje kufuli leo na kesho aite mnunuzi.

Wala simwambii achome. Kakangu alitaka tuvichome vyote uani. Namwelewa, maana yeye ndiye aliyeacha shule akaenda kubeba mizigo soko la Kongowea ili sisi wadogo tusome, na suti ile aliiona imetundikwa siku aliyokuwa hana viatu. Lakini tulipofungua sanduku, chini kabisa tulikuta bahasha ya risiti za kodi ya ardhi. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa. Nyumba ni yetu, ardhi ni ya mtu mwingine, na kinachotushikilia pale ni kwamba tumekuwa tukilipa na tuna karatasi za kuonyesha. Risiti za zamani zote zina jina la Baba. Mamangu alikuwa akizitafuta miaka na miaka akidhani alikwenda nazo. Nyumba ya pili kutoka kwetu walimpa mtu wa vyuma chakavu sanduku la baba yao bila kulifungua, kwa hasira tu. Baadaye warithi wa mwenye ardhi walipokuja na wakili kudai kiwanja, familia ile ilikaa kimya mbele ya wazee, haina hata kipande cha karatasi. Walihama. Kwa hiyo kama wewe pia una chumba au sanduku la namna hiyo, nakusihi, fungua mchana, pamoja na mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote, na usome kila karatasi kabla hujakasirika. Tafuta daftari la benki, kadi ya NSSF, cheti cha hisa, barua ya kugawiwa kiwanja, vyeti vya kuzaliwa. Fedha zilizolala benki au kwenye makampuni miaka mingi bila mwenyewe hupelekwa kwenye mamlaka ya serikali ya fedha zisizodaiwa, UFAA, na zinaweza kudaiwa na mwenyewe au na warithi wake, ila kwa karatasi. Moto haurudishi karatasi.

Sisi tumefanya hivi. Tulimwita mzee wa mtaa na jirani mmoja, tukaandika orodha ya kila kitu, wote wakatia sahihi. Barua ilikwenda Maskati kwa mkono wa shangazi, na ujumbe wa sauti juu yake, kwamba vitu vyako ni hivi, mtume mtu yeyote unayemwamini avichukue kabla ya Ramadhani, gharama ya kuvisafirisha ni yako, ya kuviweka tumekusamehe. Hilo la kusamehe ni neno la mamangu. Mimi nisingeliandika. Asipojibu, kitanda na kabati vitauzwa, nguo zitapewa wanaozihitaji, vitabu vya dini vitakwenda msikitini, na pesa ya mauzo itaandikwa katika orodha ile ile ili siku akiuliza aone. Chumba kitapakwa chokaa na kupangishwa, na kodi itakuwa mkononi mwa mamangu, si mkononi mwangu wala mwa kakangu. Uamuzi wa kila kitu kilichomo ni wake. Sisi watoto tuna uchungu wetu, lakini si sisi tuliolipa.

Saa ya ukutani ameitaka yeye mwenyewe. Hakusema kwa nini, na sikuona haki ya kumuuliza.

Zimebaki picha. Kuna ya babu na nyanya mbele ya nyumba yao ya Lamu, na za Baba kijana, gatini, amevaa sare ya meli. Kakangu hataki hata kuziona. Mimi nimezipeleka studio zinakiliwe, kwa sababu huko Maskati Baba ana watoto wengine. Sijawahi kuonana nao, lakini hawakuiba kitu kwetu, na babu wa kwenye picha ni babu yao pia. Nakala zao zitakwenda kwa shangazi, hata kama baba yao hatajibu.