Ron Paul alibebwa na mwanae kweli?

Kuna hoja inarudiwa sana, kwamba Rand Paul kushinda useneta wa Kentucky 2010 kule Marekani ndiko kulikofanya baba yake Ron, aliyekuwa mbunge na mgombea urais, aanze kuchukuliwa siriasi. Sio hoja ya kijinga. Mzee alikaa Bungeni miaka mingi kutoka Texas ila jimbo zima hakuwahi kulibeba, 1984 alijaribu useneta Phil Gramm akamtoa kwenye mchujo wa chama chao cha Republican, 1988 akagombea urais kwa tiketi ya chama kidogo cha Libertarian na hata nusu asilimia hakufikisha. Halafu mwanae, daktari wa macho asiyewahi kuchaguliwa popote, anamgaragaza mtu wa Mitch McConnell, kigogo wa Republican Seneti, kwenye mchujo na Novemba anashinda kiti cha Seneti. Na namba zipo, za mchujo wa urais wa Republican: Iowa mzee alipata kama asilimia 10 mwaka 2008, 2012 akapata 21, New Hampshire akatoka 8 hadi 23 akawa wa pili nyuma ya Mitt Romney, aliyekuja kuwa mgombea wa chama.

Sasa katikati hapo uchumi ulianguka, mabenki yakaokolewa kwa hela za walipa kodi, na huyu mzee alikuwa anaipigia kelele benki kuu yao miaka yote watu wakimcheka. Tena Desemba 16, 2007 wafuasi wake walimchangia mtandaoni dola milioni 6 siku moja tu, wakati huo Rand bado yuko Bowling Green, Kentucky, anapima watu macho. Nani kambeba nani hapo?

Juni 2012 ndio ikaharibika. Rand anaenda kwenye TV kumuunga mkono Romney, na wafuasi wa baba bado wanahangaikia wajumbe wa mkutano mkuu wa chama unaoteua mgombea. Wakamuita msaliti, wachambuzi wakawaona wana hasira za kitoto. Mimi nawaelewa kabisa. Mzee alichokuwa anauza ni kwamba hanunuliki, alipiga kura za hapana mpaka wakamuita Dr. No, sasa mtu wa hivyo akishakuwa na mtoto Seneti kila akinyamaza watu wanajiuliza anamlindia mwanae kiti au vipi. Tayari watu walikuwa wananong'ona kwamba kwenye midahalo mzee Romney hamgusi, wengine anawakaanga. Uwe ukweli uwe uongo, kwa mwanasiasa wa aina yake mnong'ono kama huo unamla kuliko kushindwa.

Na kuna ile asilimia 4.5 ambayo mimi hainitoki kichwani. Ndiyo Rand aliyopata Iowa Februari 1, 2016 alipogombea urais mwenyewe, jina lile lile, sasa na useneta juu, siku mbili baadaye akajitoa. Sawa, Trump na seneta Ted Cruz walikuwepo, na watu waliokuwa wamechoshwa na wakubwa wa chama walishapata pa kwenda. Lakini baba alipata kura zaidi ya 26,000 pale pale, mtoto hakufika hata 9,000, na waliojitokeza kupiga kura 2016 walikuwa wengi kuliko 2012.